Kitabu Kinachomsikiliza Msomaji

Msomaji, kitabu hiki ulichokishika mkononi hakikujui. Hakijui kama umeketi darasani Kaaga, chini ya Mlima Kenya, au kivulini mwa mnazi huko Lamu. Hakijui kama babu yako alikuwa askari, mhubiri au mfungwa. Maneno yake ni yale yale kwa kila mtu anayekifungua. Ukikiuliza neno hakijibu, ukikikanusha hakijitetei, ukikasirika hakinyamazi. Wahenga walisema kwamba msema pweke hakosi, na kitabu ndicho msema pweke mkubwa kuliko wote. Katika insha hii twataka kutazama jinsi wanadamu walivyojaribu, kwa muda mrefu, kumfanya msema pweke huyu asikilize. Tena twataka kuuliza, kabla ya kushangilia, kama kitabu kinachojigeuza kwa ajili ya kila msomaji ni rafiki wa kweli au ni mnafiki.

Swali lisipowekwa mahali huelea hewani kama moshi, basi na tuliweke Kaaga. Mahali hapa pako karibu na mji wa Meru. Wamethodisti walianza kazi yao katika nchi ya Meru mwaka 1912, na Kaaga ikawa kituo chao kikubwa cha dini na elimu. Hata leo ni mahali pa wanafunzi: pana shule za sekondari za wasichana na za wavulana, na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2006, kiko katika nchi hiyo hiyo. Sasa fikiria wanafunzi watatu wa Kaaga walioketi katika dawati moja, mbele yao kitabu kimoja cha historia, na ukurasa uliofunguliwa ni ule wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952.

Wa kwanza babu yake aliingia msituni pamoja na wapiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru, wale walioitwa Mau Mau. Wa pili babu yake alikuwa homgadi, yaani mmoja wa walinzi waliosimama upande wa serikali wakipewa mikuki, na baadaye bunduki, kulinda vijiji. Wa tatu babu yake alikuwa Mkristo wa misheni, aliyekataa kula kiapo cha msituni na pia kumwaga damu ya jirani yake, akaogopwa huku na kutiliwa shaka kule. Wanafunzi hawa ni wa mfano tu, lakini nyumba za namna hizi tatu zilikuwapo katika nchi ya Meru na Embu, na wajukuu wao wamesoma shule moja. Kitabu kimoja kitasema nao vipi? Kikianza na ushujaa wa msituni, wa pili atainamisha kichwa kwa haya. Kikianza na mauaji ya usiku, wa kwanza atakifunga. Kikitaja pande mbili tu, wa tatu atadhani ya kwamba babu yake hakuishi duniani.

Msidhani kwamba shida hii ni ya jana. Yapata miaka 2,400 iliyopita, Plato, mwanafalsafa wa Wayunani, alimwonyesha mwalimu wake Sokrate akilalamika juu ya maandishi. Lalamiko lenyewe lilikuwa hivi: maneno yaliyoandikwa yafanana na picha ya mtu, yaonekana kama yana uhai, lakini ukiyauliza swali hukaa kimya, au hurudia neno lile lile. Tena maandishi hutangatanga kila mahali, yakafika kwa anayeelewa na kwa asiyeelewa sawasawa, wala hayajui yaseme na nani na yamnyamazie nani. Kwa Sokrate elimu ya kweli ilikuwa mazungumzo, kwa sababu mwalimu anayezungumza humtazama mwanafunzi machoni, na hapo hujua aanzie wapi.

Wazee wetu wasingeona jambo geni katika lalamiko hilo. Pwani mtambaji hupiga ukelele, "Paukwa!" na wasikilizaji hujibu, "Pakawa!" Asipojibiwa haendelei. Huko bara nako, bibi aliyesimulia hadithi jioni karibu na moto aliwaona wote waliomzunguka. Akiwapo mtoto mwoga, fisi alikufa mapema kidogo. Akiwapo kijana mwenye kiburi, sungura alipata somo kali zaidi. Hadithi iligeuka kwa kadiri ya msikilizaji. Lakini angalia sana jambo hili, kwa maana ndilo nguzo ya insha yetu: bibi aligeuza njia, hakugeuza mwisho. Aliyekuwa mwizi hakufanywa mwaminifu kwa sababu mjukuu mmoja alimpenda. Na kama bibi angejaribu kumwambia kila mtoto mwisho wake mwenyewe, asubuhi watoto wangekutana kisimani wakagundua kwamba wamedanganywa.

Katika mambo mazito zaidi ya hadithi, Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo nyumba yake maarufu iko Nchiru. Penye ugomvi, baraza la namna hiyo husikiliza upande huu, kisha upande ule, mbele ya watu wale wale, kabla ya kutoa neno. Hapa twapata nguzo ya pili: mtu husema kwa namna yake, lakini adui yake yupo akisikia. Msema pweke hakosi. Lakini barazani hakuna msema pweke.

Basi vilipokuja vitabu vilivyopigwa chapa, tulipata faida kubwa na hasara kubwa kwa wakati mmoja. Faida ni kwamba watu elfu moja walio mbalimbali wanaweza kusoma ukurasa mmoja, na wakitaka kubishana wanaubishania ukurasa huo huo. Hakuna awezaye kusema kwamba yeye aliambiwa vingine. Hasara ni kwamba ukurasa ulikuwa umekwisha kuchagua msomaji wake kabla hajazaliwa.

Tazama mifano miwili ya Hali ya Hatari yenyewe. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilitoa ripoti ya F. D. Corfield juu ya asili na kukua kwa Mau Mau. Ripoti hiyo iliandikwa kwa macho ya wale waliotawala, na ndani yake mpiganaji ni mhalifu aliyepotoshwa. Mwaka 1963 J. M. Kariuki alitoa kitabu chake juu ya maisha ya kizuizini, na ndani yake aliyeitwa mhalifu ni mtu mwenye ardhi iliyochukuliwa, mwenye akili, uchungu na matumaini. Vitabu hivi viwili vimetengana kwa miaka 3 tu, na vyasema juu ya nchi moja na watu wale wale. Hata hivyo aliyesoma kimoja tu ameketi na msema pweke. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwanafunzi yule wa kwanza angelilia akisoma Corfield, na wa pili asingejiona katika Kariuki ila kama msaliti.

Hata hivyo, watu wenye busara walitafuta dawa tangu zamani. Katika vitabu vya dini vya Kiislamu vilivyosomwa pwani yetu kwa karne nyingi, kurasa nyingi zina maandishi makuu katikati, na maelezo ya mwanachuoni mmoja yamezunguka pembeni, pengine na maelezo ya mwingine juu ya yule wa kwanza. Wayahudi nao walifanya vivyo hivyo katika Talmud yao. Ilipopigwa chapa Venice na Daniel Bomberg kuanzia mwaka 1520, kila ukurasa ulikuwa kama baraza: neno la kale katikati, na wafasiri wasiokubaliana wamelizunguka. Msomaji wa ukurasa kama huo hafundishwi neno moja tu. Hufundishwa kwamba watu wenye akili wanaweza kulitazama neno moja wakaona mbalimbali.

Magazeti nayo yalifungua mlango mwingine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kuandika barua na mashairi. Na mshairi mmoja akitoa neno, mwingine wa mji wa mbali aliweza kumjibu katika toleo la baadaye. Jawabu lilichelewa majuma mengi, lakini lilikuwa jawabu. Msema pweke alikuwa ameanza kupata wenzake.

Jaribio la ajabu zaidi lilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtaalamu mmoja, Norman Crowder, alitunga vitabu vya mafunzo ambavyo kurasa zake hazikusomwa kwa utaratibu wa kawaida. Msomaji alifundishwa jambo dogo, akaulizwa swali, akapewa majibu machache ya kuchagua. Kila jibu lilimpeleka kwenye ukurasa wake. Aliyechagua vyema aliendelea mbele. Aliyekosa alifika kwenye ukurasa uliomwonyesha kosa lake lilitoka wapi, kisha akarudishwa kujaribu tena. Angalia adabu ya kitabu hicho: hakikumcheka aliyekosa, bali kilimdhania kuwa mtu mwenye sababu, kikaitafuta sababu hiyo. Kasoro yake ilikuwa moja. Kilijua jibu moja tu la haki, kama katika hesabu, na historia ya nyumba tatu za Kaaga si hesabu. Wajukuu wale watatu hawakukosa jibu. Kila mmoja amerithi sehemu ya jibu.

Mwaka 1965 Mmarekani mwingine, Ted Nelson, alieleza jinsi mashine za kompyuta zitakavyoweza kuunganisha maandishi kwa viungo, hata msomaji aruke kutoka neno hili hadi habari ile kwa njia anayoitaka mwenyewe. Yaliyokuwa ndoto wakati ule yakawa jambo la kila siku baada ya Tim Berners-Lee kubuni wavuti huko Uswisi kati ya miaka 1989 na 1991. Tangu hapo hapakuwa tena na sababu ya kiufundi ya kumlazimisha kila msomaji aingie nyumba kwa mlango mmoja.

Lakini kabla kompyuta hazijaenea kwetu, Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kupata fundisho kubwa kutoka chombo kingine, yaani redio. Mwezi wa Julai 1993, Redio Tanzania ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati, uliosikika mara mbili kwa juma, juu ya uzazi wa majira na hatari ya UKIMWI. Watungaji wake walifuata njia iliyobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico katika miaka ya 1970. Njia hiyo ilitaka wahusika wa aina tatu: wanaotenda mema, wanaotenda mabaya, na wale walio katikati, wenye shaka, wanaovutwa huku na huku. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, alikuwa wa aina ya pili, na maisha yake yaliishia katika ugonjwa.

Siri ya mchezo huo ni wale wa katikati. Mtungaji hakuwaambia wasikilizaji, "Ninyi nyote mwafikiri hivi." Alijua kwamba nyuma ya redio moja wameketi watu wenye maoni mbalimbali, akamwekea kila mmoja mtu wa kumfuata ndani ya hadithi. Msikilizaji mwenye shaka hakukemewa. Alimwona mwenye shaka mwenzake akitembea polepole kuelekea uamuzi, akatembea naye. Na ili kujua kama njia hiyo yafaa kweli, mchezo haukutangazwa Dodoma hadi mwaka 1995, wataalamu wapate kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Walipolinganisha waliona kwamba katika sehemu zilizosikia, watu wengi zaidi walikuwa wamefuata mashauri ya uzazi wa majira. Hadithi moja ilikuwa imesema na watu wengi, wala haikumdanganya mmoja wao.

Sasa, msomaji, twafika mahali pa hatari. Kompyuta yaweza kufanya zaidi ya redio. Yaweza kukutazama wewe peke yako: unachosoma, unachokiacha katikati, unachokirudia usiku. Kisha, bila kukuuliza, yaweza kukuletea kila siku yale unayoyapenda na kukuficha yale yanayokuudhi. Jambo hili laweza kuitwa kumsikiliza msomaji. Lakini, je, ni kusikiliza au ni kubembeleza? Mtumwa wa mfalme naye husikiliza sana, lakini husikiliza ili ajue mfalme apenda kuambiwa nini.

Wakenya walijifunza kwa damu gharama ya kila kundi kusikia lake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliingia katika mapigano, na watu zaidi ya 1,100 walikufa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilipochunguza mambo hayo mwaka 2008, miongoni mwa yaliyolaumiwa ni maneno ya chuki yaliyopita katika simu na katika baadhi ya vituo vya redio vya lugha za makabila. Lugha ya mama haina dhambi. Dhambi ilikuwa kwamba palipokuwa na msema pweke mmoja, sasa walikuwapo wengi, kila mmoja katika chumba chake na watu wake, wala hakuna aliyesikia chumba cha pili ila kwa kelele.

Katika siku zile zile, Januari 2008, Wakenya wachache pamoja na rafiki zao walitengeneza programu waliyoiita Ushahidi. Mtu yeyote aliweza kutuma habari ya aliyoyaona, na habari hiyo ikawekwa katika ramani moja mbele ya wote. Hapo mtu wa upande huu aliona, katika ramani ile ile, nyumba zilizochomwa za upande ule. Baadaye, baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma katika Delta ya Mto Tana mwaka 2012 na 2013, yaliyoua watu zaidi ya 100, palianzishwa huko huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia uvumi aliutuma kwa simu. Wahusika waliuchunguza kwa kuwauliza watu wa pande zote. Kisha jawabu lilirudishwa kwa aliyeuliza na kwa jirani zake. Fikiri uzuri wa jina lile. Halikusema "Wewe mwongo," wala "Wewe msema kweli." Liliuliza swali ambalo Mpokomo na Morma waliweza kuulizwa sawasawa.

Tukiyaweka mambo haya pamoja, twaweza sasa kuwajengea wanafunzi watatu wa Kaaga ukurasa wao. Na tuchukue tukio moja, kuwakusanya watu vijijini. Kati ya mwaka 1954 na 1955 serikali iliwalazimisha watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu, pamoja na Waembu na Wameru, wahame makwao na kukaa katika vijiji vilivyolindwa. Ukurasa wetu ungekuwa na milango mitatu.

Mlango wa kwanza ungeanzia msituni: kwa nini mpiganaji aliyetegemea chakula kilichofichwa na wanawake alianza kufa njaa vijiji vilipojengwa. Mlango wa pili ungeanzia nyumbani kwa mtu aliyeogopa usiku. Ungetaja Lari, tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji walipoua watu wengi, hasa wanawake na watoto. Na hapo hapo ungetaja kwamba kisasi cha upande wa serikali kiliua wengi pia. Mlango wa tatu ungeanzia kwa Mkristo aliyeulizwa na kila mtu, "Wewe ni wa nani?" wala hakuwa na jibu lililowaridhisha.

Lakini milango yote mitatu yaingia katika ua mmoja. Katika ua huo kuna mambo ambayo hakuna mlango uwezao kuyageuza. Kwamba watu walilazimishwa kufanya kazi bila malipo na kufungiwa ndani usiku. Kwamba serikali ya kikoloni kwa hesabu yake yenyewe ilisema imeua wapiganaji zaidi ya 11,000, na kwamba iliwanyonga watu zaidi ya 1,000. Kwamba Waafrika wengi wasiokuwa askari waliuawa na wapiganaji. Kwamba Wazungu wakaaji waliouawa walikuwa 32. Kwamba amri iliyokiharamisha chama cha Mau Mau tangu mwaka 1950 haikuondolewa hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Na kwamba tarehe 6 Juni 2013 waziri wa Uingereza, William Hague, alikiri Bungeni kwamba watu waliteswa, akasikitika, na serikali yake ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Tena katika ua huo kuna jambo la Meru yenyewe linalomkataza kila mjukuu kujivuna upesi. Musa Mwariama, kiongozi wa msituni kutoka Meru, alitoka na watu wake wakati wa uhuru, Desemba 1963, akapokewa na Jomo Kenyatta. Lakini Baimungi, kiongozi mwingine wa Meru, hakuridhika na uhuru ule kwa kuwa aliona wapiganaji hawakupewa ardhi. Mwaka 1965 aliuawa na majeshi ya serikali huru. Kwa hiyo hata mlango wa msituni, ukiufuata kwa uaminifu, hugawanyika mara mbili kabla ya kufika mwisho.

Kutokana na mfano huu twaweza kutaja kanuni nne kwa yeyote miongoni mwenu atakayetunga siku moja vitabu, michezo au programu za namna hii. Na hapana shaka baadhi yenu mtatunga.

Kanuni ya kwanza: badili mwanzo, usibadili mambo yaliyotokea. Msomaji aanzie anaposimama, kwa maana hakuna safari inayoanzia mahali pengine. Lakini idadi ya waliokufa Lari ni ile ile, awe anayesoma ni mjukuu wa nani.

Kanuni ya pili: msomaji aambiwe kwamba ukurasa umegeuzwa kwa ajili yake, na aonyeshwe milango mingine. Kumchagulia mtu njia kwa siri ni kumfunga kitambaa machoni, hata kama njia yenyewe ni nzuri.

Kanuni ya tatu: msomaji asifungwe katika nyumba ya babu yake. Ukurasa umuulize anaona nini, wala usimkadirie kwa jina lake au kijiji chake. Mjukuu wa homgadi aweza kuwa na moyo wa msituni, na mjukuu wa mpiganaji aweza kuchukia vita. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tena aliyosema msomaji juu ya nafsi yake ni amana. Yasiuzwe wala yasitolewe kwa wale wawezao kumdhuru.

Kanuni ya nne, iliyo ngumu kuliko zote: jibu la msomaji libaki. Kama ukurasa wamuuliza swali na kulitupa jibu lake, basi haukumsikiliza, ulijifanya tu. Maneno ya msomaji yawekwe pembeni mwa maandishi, kama yale maelezo ya wanachuoni wa zamani, ili mwanafunzi wa mwakani ayakute na kuyajibu.

Pengine mtu atauliza: kwa nini taabu yote hii? Si afadhali kuandika ukweli mmoja, na asiyeupenda auache? Jibu ni kwamba ukweli usiosomwa haumfai mtu. Mwanafunzi anayefunga kitabu kwa hasira katika mstari wa kwanza hatafika kwenye mstari wa kumi uliokuwa umebeba neno lake. Na jibu kwa yule wa upande wa pili, asemaye kwamba kila mtu apewe historia yake mwenyewe, ni kwamba wale watatu wataondoka shuleni, watapiga kura katika kituo kimoja, watauziana mashamba na kuoana. Kama hawana hata ukurasa mmoja wanaoweza kuubishania pamoja, siku ya shida watabishana kwa njia nyingine. Na Wakenya wanaijua njia hiyo.

Basi, msomaji, msingoje mashine. Karatasi na kalamu zatosha kuanza. Chagueni tukio moja la mahali penu: mpaka, soko, shule iliyofungwa, msitu uliokatwa. Kila mmoja aulize nyumbani kwake, aandike mwanzo mmoja kwa uaminifu. Kisha ketini pamoja mwandike ua wa katikati, yale tu ambayo nyote hamwezi kuyakana. Mtaona kwamba mianzo huandikwa jioni moja, na ua wa katikati huchukua muhula mzima. Msikate tamaa kwa hayo, kwa sababu kuujenga ua huo ndiyo kazi yenyewe ya historia.